Inteki ya Hewa Baridi: Nasaha kwa Vijana Wenye Magari na Wazazi Wao



Ndugu wasomaji, wazazi na vijana wetu, leo naomba ruhusa yenu nitoke kidogo nje ya masomo tuliyoyazoea, nizungumzie jambo la magari. Baadhi yenu mtauliza, mwalimu wa madrasa na injini wapi na wapi? Lakini wanaoijua Buyenzi, hapa Bujumbura, hawatashangaa. Katika mitaa hii chuo na gereji vinapakana ukuta. Mtoto anasoma alifu, na upande wa pili nyundo inalia juu ya bodi la Toyota. Mimi nimekulia humo, na kabla ya kushika chaki nilishika spana, likizo zote za skuli, katika gereji ya baba yangu mdogo. Mpaka leo, nikiwa nimeshapita miaka arobaini, mafundi wananiita wanapokosa mtu wa kuwashikia taa.

Jambo lenyewe ni hili. Vijana wengi siku hizi wanataka kung'oa boksi la chujio la hewa lililokuja na gari, na mahali pake waweke bomba la chuma linalong'aa lenye chujio la mviringo mfano wa koni, rangi nyekundu au buluu. Wanaliita inteki ya hewa baridi. Wanaambiwa kwamba gari litapata nguvu, litakula mafuta kidogo na litapanda mlima kama limetupwa. Wazazi nao wanaogopa, wanapiga marufuku bila ya kueleza sababu, na kijana anakwenda kulifunga usiku. Nimeliona jambo hili ndani ya ukoo wangu, na tulilolipata naona lina faida kwa wengine.

Injini inavyopumua

Kwanza tuelewe injini inafanya nini. Petroli peke yake haina nguvu mpaka ipate hewa ya kuichoma. Kwa uzito, gramu moja ya petroli inahitaji kiasi cha gramu 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Ukipiga hesabu, lita moja ya petroli humaliza hewa ya lita zipatazo elfu tisa. Kwa hiyo gari linakula hewa kuliko linavyokula mafuta, ila hewa hatuilipii, ndiyo maana hatuifikirii.

Hewa ya moto hutanuka na hewa ya baridi hujikusanya. Kwa joto la kwetu, hewa ikipoa nyuzi 10, kila lita yake inakuwa nzito zaidi kwa kiasi cha 3 katika 100. Injini ikivuta hewa nzito, kompyuta ya gari inaongeza petroli kwa kipimo chake, na nguvu inaongezeka. Hapo wazo la hewa baridi ni la kweli kabisa, wala si uzushi wa wauzaji. Kampuni ya K&N iliyoanzia California, inayojulikana kwa machujio ya pamba yanayopakwa mafuta, ilianza mwaka 1969 kwa watu wa mbio. Katika miaka ya 1990 vijana wa Marekani wenye Honda ndogo wakazipenda inteki hizi sana, na filamu za mbio za magari zilizoanza mwaka 2001 zikazisambaza dunia nzima, mpaka zikafika kwetu.

Swali si kama hewa baridi ni nzuri. Swali ni je, bomba lile linaleta hewa baridi kweli? Na je, gari lako halikuwa nalo tayari?

Gari la dada yangu

Dada yangu ni mjane. Ana Toyota Corolla ya injini ya 1NZ-FE, ya lita moja na nusu, ambayo ilitumika Japani kabla ya kufika kwetu. Mwanawe mkubwa, mwenye miaka 22, analiendesha kwa abiria kutoka Bujumbura mpaka Gitega, safari ya kiasi cha kilomita mia moja. Gari hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba na ada za wadogo zake watatu. Dada mwenyewe husema, "Hili gari ndiyo sufuria yetu."

Njia hiyo mnaijua. Ukitoka Bujumbura, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika kwa kimo cha kiasi cha mita 780, unaanza kupanda moja kwa moja mpaka Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kona juu ya kona, nyuma ya malori. Gari la abiria wanne na mizigo yao linalia. Kijana akawa anapitwa na wenzake, jambo linalomuuma dereva yeyote wa miaka 22. Muuzaji mmoja wa spea akamwambia dawa ni inteki, na kwamba itampunguzia mafuta pia. Neno hilo la mafuta lilimwingia sana, kwani mwaka 2024 sote tulilala kwenye foleni za vituo vya petroli na tunajua lita moja ilikuwa na thamani gani.

Akaweka akiba kidogo kidogo miezi minane bila kumwambia mama yake. Siku aliyoingia nyumbani na boksi lenye bomba, fedha zile zilikuwa sawa na ada ya muhula ya wadogo zake wawili. Mnaweza kukisia yaliyofuata. Mama hakula chakula cha usiku. Kijana akasema fedha ni za jasho lake. Mama akasema, "Likizima Bugarama usiku na abiria ndani, jasho lako litalisukuma?" Wakanyamaziana. Siku ya tatu dada akaniita.

Nilijua nikimkatalia mbele ya mama yake atanitii usoni, kwa kuwa mimi ni mjomba wake, na mwezi ujao atalifunga mwenyewe gizani. Na nikimkubalia tu, nitakuwa nimemvunja dada yangu. Kwa hiyo nikawaambia wote wawili, "Gari hili halitabishaniwa kwa maneno. Tutalipima. Kama bomba linaleta hewa baridi, mama atakubali. Kama halileti, wewe mwenyewe utalitoa kwa mkono wako." Kijana akasema, "Nimekubali, mjomba." Mama hakusema kitu, ila alitandika mkeka na kuleta chai, na mimi nikaelewa.

Tulipofungua boneti

Tulikwenda kwa fundi tunayemwamini. Ana kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Katika injini hii kuna sensa ya kupima hewa inayoingia, nayo ndani yake ina kipima joto, kwa hiyo kifaa kinakuonyesha hewa inayovutwa na injini ina nyuzi ngapi.

Kabla ya kugusa kitu, tulilipima gari lilivyo. Nje joto lilikuwa nyuzi 30. Katika msongamano wa mjini hewa iliyoingia kwenye injini ilisoma 52. Barabara ilipofunguka ilishuka mpaka 43 na haikuteremka tena. Fundi akatikisa kichwa. "Ustadhi, hii si kawaida. Gari likitembea inatakiwa isogelee joto la nje."

Akaingiza taa chini ya boksi la chujio, na tukaona. Boksi la kiwandani huwa na mdomo, bomba la plastiki jeusi linalotoka kwenye boksi na kwenda mbele kabisa, juu ya rejeta, mahali hewa ya nje inapoingia kabla haijapashwa joto. Katika gari hili mdomo huo haukuwepo. Zamani, mtu fulani alipobadilisha rejeta aliutoa, akaona hauna kazi, akaufunga boneti. Tangu siku hiyo Corolla ya dada yangu ilikuwa inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini yenyewe. Wahandisi wa Japani walikuwa wameshaweka inteki ya hewa baridi, na ilikuwa imetupwa na mtu aliyedhani ni plastiki tu.

Kijana aliona, lakini hakukata tamaa. "Sawa mjomba, tufunge na hii tuione." Ahadi ni ahadi. Tukafunga.

Kazi yenyewe si ngumu, na ni vizuri muijue. Fundi alianza kwa kutoa waya hasi wa betri. Akachomoa plagi ya sensa ya hewa, akalegeza klampu ya hosi inayoingia kwenye injini, akafungua bolti za boksi na kulitoa zima. Sensa ikatolewa kwa bisibisi, skrubu mbili tu, kwa uangalifu bila kugusa waya wake mwembamba wa ndani, ikahamishiwa kwenye bomba jipya. Ile hosi ndogo inayorudisha mvuke wa oili kutoka kwenye injini nayo ikapata mahali pake. Hosi hii wengi huiacha inaning'inia, na hapo vumbi hupata mlango wa kuingilia. Mwisho klampu zikakazwa, bomba likaangaliwa lisiguse chuma wala mkanda, betri ikarudishwa. Saa moja haikufika.

Alipokanyaga mafuta, injini ikanguruma kwa sauti nzito. Uso wa kijana ukafunguka wote. Watoto wa jirani wakaja kuangalia. Hata mimi, nisiwafiche, sauti ilinipendeza.

Tukaingia barabarani, njia ile ile, saa ile ile, joto la nje nyuzi 30. Kwenye msongamano kifaa kikasoma 61. Barabara ilipofunguka, 45. Chujio lile la koni lilikuwa limekaa wazi ndani ya boneti, pembeni ya injini inayochemka, linavuta joto lake lote. Jina lake hewa baridi, na kazi yake hewa moto. Kijana alikuwa ndiye ameshika kifaa. Alikiangalia muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Lakini nilihisi lina nguvu."

Fundi akamjibu kwa upole. Ndani ya boksi la kiwandani kuna vyumba vilivyowekwa kwa ajili ya kuzima mngurumo wa hewa. Ukiliondoa, unasikia injini ikivuta pumzi, na sikio linauambia moyo kwamba mwendo umeongezeka. Lakini mlima hausikilizi sauti.

Maji, vumbi na kompyuta

Kijana akatoa hoja nyingine, tena ya akili. "Basi tulishushe chujio chini, nyuma ya bampa, kule kuna hewa baridi." Ni kweli, na zile inteki ndefu za Marekani hufanya hivyo. Lakini fundi akamkumbusha Gatumba. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yaliingia Gatumba na kufunika barabara ya kwenda mpaka wa Congo, na magari yakapita ndani yake. Chujio lililo nyuma ya bampa likizama, injini inavuta maji badala ya hewa. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni inapanda, inagonga maji, mkono wake unapinda, na injini imekwisha hapo hapo. Mdomo wa kiwandani umewekwa juu kwa sababu hiyo.

Jambo la pili ni vumbi. Vumbi la barabara lina chembe za mchanga, na mchanga ukiingia kwenye silinda unazisugua ringi za pistoni mpaka injini inaanza kula oili. Chujio la koni la bei rahisi lisilo na jina huwezi kujua linazuia nini. Na yale ya pamba yanayopakwa mafuta, mtu akiyazidisha mafuta baada ya kuosha, yanarukia waya wa sensa na kuuchafua, na kompyuta inaanza kusoma uongo.

Jambo la tatu ni upana wa bomba. Kompyuta inahesabu hewa kwa kujua upana wa mahali sensa ilipokaa. Ukiiweka sensa kwenye bomba pana zaidi, inapima hewa pungufu kuliko iliyopita kweli, na petroli inatolewa kidogo. Injini inakwenda na mchanganyiko mkavu. Kompyuta hujaribu kurekebisha, lakini urekebishaji wake una kikomo.

Na mafuta je? Hapa wengi wanadanganyika. Unapoendesha kwa mwendo wa kawaida hujakanyaga mpaka chini, mlango wa hewa wa injini umefungwa nusu, na wewe mwenyewe ndiye unayeizuia hewa kwa mguu wako. Kupanua njia iliyo nyuma ya mlango uliofungwa nusu hakuokoi petroli. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani iliyapima magari yenye kompyuta kwa machujio yaliyoziba. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana, kilichopungua ni kasi ya kuondoka. Kama chujio lililoziba haliongezi ulaji, basi bomba la kung'aa halitaupunguza.

Plastiki nyeusi

Siku ya pili tulizunguka kwa wauza spea zilizotumika, tukapata mdomo wa Corolla kama ile, mchafu lakini mzima, kwa bei ya chini sana kuliko bomba lile. Tukanunua na chujio jipya la karatasi. Kijana mwenyewe alilifungua bomba lake, kama alivyoahidi, akalifuta na kulirudisha kwenye boksi lake. Akarudisha boksi la zamani na kuufunga mdomo. Tukapima tena: msongamano 44, barabara ikifunguka 34.

Kutoka 43 mpaka 34 ni nyuzi 9, yaani hewa nzito zaidi kwa karibu 3 katika 100. Kwa injini ya nguvu ya farasi mia moja na kidogo, hao ni farasi watatu. Si wengi, ndugu zangu. Lakini walikuwa wetu tangu kiwandani, na tulikuwa tunawaacha nyumbani kila siku.

Kijana akauliza, "Na Bugarama?" Nikamwambia ukweli. Kutoka mjini mpaka Bugarama hewa inapungua uzito kwa zaidi ya sehemu 10 katika 100, kwa sababu ya kimo tu. Hakuna bomba la kuirudisha hewa hiyo. Gari lenye tabo huisukuma kwa nguvu, lakini injini ya kawaida inavuta kilichopo. Dawa ya Bugarama ni gia ya chini mapema, plagi nzima, tairi zenye upepo na mizigo ya kiasi.

Bomba alilipatia mnunuzi, kijana mwenzake. Kabla ya kupokea fedha alimwonyesha namba zote tatu alizoziandika kwenye daftari. Yule akacheka, akasema, "Mimi nataka sauti." Basi amenunua alichokitaka, naye amejua alichonunua, hakuna aliyedanganywa. Alipata pungufu kidogo ya bei aliyonunulia. Sehemu ililipia mdomo na chujio, iliyobaki akaipeleka kwa mama yake bila ya kuombwa. Dada akakiangalia kile kipande cha plastiki, akaniuliza, "Kaka, hiki ndicho kilichotununisha wiki mbili?"

Nasaha kwa anayetaka bado

Sisemi inteki zote ni mbaya. Zipo zilizotengenezwa kwa gari maalumu, zikapimwa. Huko California sheria inataka kifaa cha namna hii kiwe na namba ya idhini ya serikali ndipo kitumike barabarani. Anayetaka kufunga, basi na azingatie haya:

1. Angalia kwanza kama mdomo wa kiwandani upo, hosi hazijapasuka na chujio ni safi.
2. Pima joto la hewa kabla na baada, njia moja, saa moja. Usiamini sikio.
3. Chujio lisikae wazi ndani ya boneti. Liwe ndani ya boksi linalozuia joto, na hewa itoke mbele ya gari.
4. Lisishuke chini kwa mtu anayepita kwenye maji.
5. Upana wa mahali pa sensa uwe sawa na wa kiwandani.
6. Hosi ya mvuke wa oili isiachwe wazi.
7. Boksi la zamani usilitupe wala usiliuze.

Na kwenu wazazi: kijana anayeshughulika na injini si mpotevu, ana akili inayotafuta kazi. Ukimwambia "hapana" peke yake, umemfunga mkono tu. Kaa naye chini, fungueni boneti pamoja, mpe yeye kifaa akishike na kusoma namba. Mpwa wangu sasa kila Ijumaa jioni huja na daftari lake kunionyesha lita na kilomita za wiki, na wadogo zake wamerudi skuli muhula huu ada ikiwa imelipwa.